Lugha ya C: jinsi ya kuhamisha mahali pa kusoma na kuandika ndani ya faili

Sauti iliyorekodiwa huweza kuonekana kuwa imepotea, kumbe ipo kamili ndani ya faili. Kilichokosekana ni baiti 8 tu. Makala yetu ya sayansi na ufundi yanaeleza amri ya fseek katika lugha ya C, na jinsi inavyoweza kuzirejesha baiti hizo mahali pake.

Leo tunaitupia macho lugha ya C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta iliyobuniwa na Mmarekani Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell, jimboni New Jersey. Ritchie alifariki dunia mwaka 2011, lakini lugha yake ingali hai: sehemu kubwa ya mifumo inayoendesha kompyuta na simu za mkononi imeandikwa kwayo.

Tutazungumzia jambo moja tu la lugha hiyo, nalo ni namna programu inavyochagua mahali ndani ya faili pa kusoma au pa kuandika. Huenda msikilizaji akajiuliza, jambo dogo kama hilo lina umuhimu gani? Na tuanze basi na mfano.

Tuchukue kwamba kijana anayeishi ughaibuni amerudi nyumbani likizo. Ameketi na bibi yake na kumrekodi kwa kompyuta akisimulia habari za ukoo, kwa muda wa dakika 20. Kabla hajabonyeza kitufe cha kumalizia, umeme unakatika. Anapoiwasha tena kompyuta, faili analiona, na ukubwa wake ni mamilioni ya baiti. Lakini kila programu ya kuchezea sauti inamwambia kuwa urefu wa rekodi hiyo ni sekunde sifuri. Bibi ni mtu mzima sana, na kijana keshapanda ndege kurejea kazini. Je, sauti ile imekwenda na maji?

Mara nyingi jibu ni hapana. Lakini ili tufahamu kwa nini, hatuna budi kwanza kujua faili ni kitu gani machoni pa lugha ya C.

Faili kama mkondo

Kwa lugha ya C, faili ni mkondo wa baiti zilizopangwa mstari mmoja, moja baada ya nyingine, tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Baiti ya kwanza huhesabiwa kuwa ipo mahali nambari 0, ya pili mahali nambari 1, na kuendelea. Programu inapolifungua faili, hupewa alama isiyoonekana inayoonyesha ilipofika. Alama hiyo yafanana na kijiti cha mwanafunzi wa chuoni: kila anaposoma herufi moja, kijiti husogea mbele kwenye herufi inayofuata. Ukisoma baiti 10, alama husogea hatua 10. Ukiandika baiti 10, vivyo hivyo.

Kwa kazi nyingi mwendo huo unatosha. Lakini zipo kazi ambazo haziwezekani kwa kwenda mbele tu. Wale wanaozikumbuka barua za kaseti, ambazo jamaa walipelekeana kati ya pwani ya Afrika Mashariki na nchi za Ghuba, wanajua adha ya kutafuta neno moja katikati ya utepe: unapeleka mbele, unarudisha nyuma, unasikiliza, unarudisha tena. Faili lililomo katika diski halina adha hiyo. Programu inaweza kuamuru, nipeleke mahali nambari milioni 200, ikafika bila ya kuzisoma baiti zilizotangulia.

Amri ya kufanya hivyo inaitwa fseek. Huhitaji kuambiwa mambo matatu. La kwanza ni faili lipi. La pili ni umbali, yaani hatua ngapi. La tatu ni pa kuanzia kuhesabu. Pa kuanzia ni patatu: SEEK_SET, yaani mwanzo wa faili, SEEK_CUR, yaani pale alama ilipo sasa, na SEEK_END, yaani mwisho wa faili. Umbali waweza kuwa hasi, na hapo maana yake ni kurudi nyuma. Kwa hiyo, umbali wa -128 ukihesabiwa kutoka SEEK_END ni kusema: nipeleke baiti 128 kabla ya mwisho.

Mfano huo wa 128 hatukuuchagua ovyo. Mafaili mengi ya muziki wa MP3, kwa utaratibu ulioanza mwaka 1996, yana baiti 128 za mwisho zinazotaja wimbo: herufi 3 za utambulisho, 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na baiti 1 ya aina ya muziki. Programu haina haja ya kulisoma faili zima ili ijue nani anaimba. Huruka moja kwa moja hadi mwishoni. Orodha ya awali ya aina za muziki ilikuwa na 80, na taarabu haikuwamo.

Amri ya pili ni ftell. Hii haisogezi kitu, bali hutuambia alama ipo nambari ngapi. Ya tatu ni rewind, iliyopewa jina kutokana na kurudisha utepe nyuma: huirejesha alama mwanzoni na papo hapo hufuta kumbukumbu ya hitilafu yoyote iliyotokea. Upungufu wake ni kuwa haitoi jibu lolote. Fseek, kwa upande wake, hurudisha 0 ikifaulu na nambari nyingine ikishindwa. Kwa sababu hiyo mwandishi mwangalifu huitumia fseek na kulitazama jibu lake.

Kwa nini sekunde sifuri?

Na sasa turejee kwenye sauti ya bibi. Tuseme ilirekodiwa katika muundo wa WAV, uliotolewa na kampuni za Microsoft na IBM mwaka 1991. Faili la WAV la kawaida lina kichwa cha baiti 44, kisha hufuata sauti yenyewe. Ndani ya kichwa hicho mna nambari mbili za ukubwa, kila moja ikichukua baiti 4. Ya kwanza ipo mahali nambari 4, nayo hutaja ukubwa wa faili zima ukiondoa baiti 8. Ya pili ipo mahali nambari 40, nayo hutaja ukubwa wa sauti peke yake.

Bila shaka msikilizaji ameshaliona tatizo. Kichwa kipo mwanzoni, lakini programu ya kurekodi haiwezi kujua mtu atazungumza kwa muda gani hadi atakaponyamaza. Kwa hiyo programu nyingi huandika sifuri katika nafasi zile mbili, huimimina sauti, na rekodi inapofungwa ndipo huirejesha alama nyuma kwa fseek na kujaza nambari sahihi. Umeme ukikatika kabla ya hatua hiyo ya mwisho, sauti inabaki kwenye diski na sifuri zinabaki kichwani. Programu ya kuchezea husoma sifuri na kuiamini.

Tupige hesabu. Sauti ya mkondo mmoja, yenye sampuli 44,100 kwa sekunde na baiti 2 kwa kila sampuli, huchukua baiti 88,200 kwa sekunde. Dakika 20 ni sekunde 1,200, kwa hiyo sauti ni baiti 105,840,000. Tukiongeza 44 za kichwa, faili zima lina baiti 105,840,044. Nambari inayotakiwa mahali pa 4 ni 105,840,036, na inayotakiwa mahali pa 40 ni 105,840,000.

Muundo wa WAV huanza na baiti ndogo na kumalizia na kubwa. Hivyo 105,840,000 huandikwa kwa baiti nne hizi, kwa mpangilio huu: 128, 253, 78 na 6. Akizipindua mtu, programu ya kuchezea itasoma nambari nyingine kabisa.

Kwa wale wanaotufuatilia kupitia mtandao wetu wa intaneti, mistari ya programu ni hii:

void andika4(FILE *f, unsigned long n)
{
    int i;
    for (i = 0; i < 4; i++) {
        fputc((int)(n & 255), f);
        n = n >> 8;
    }
}

Na sehemu inayofanya kazi yenyewe:

FILE *f = fopen("nakala.wav", "r+b");
long ukubwa;

if (f == NULL) return 1;
if (fseek(f, 0L, SEEK_END) != 0) return 1;
ukubwa = ftell(f);
if (ukubwa <= 44) return 1;

if (fseek(f, 4L, SEEK_SET) != 0) return 1;
andika4(f, ukubwa - 8);
if (fseek(f, 40L, SEEK_SET) != 0) return 1;
andika4(f, ukubwa - 44);
if (fclose(f) != 0) return 1;

Kwa wanaotusikiliza tu, maelezo yake ni haya. Tunalifungua faili kwa kusoma na kuandika. Tunaipeleka alama mwishoni kabisa, na ftell inatuambia ipo nambari ngapi: hiyo ndiyo idadi ya baiti zote. Kisha tunarudi mahali pa 4 na kuandika nambari ya kwanza, tunaruka hadi mahali pa 40 na kuandika ya pili, na kufunga. Hatuigusi sauti. Baiti 8 tu ndizo zilizobadilika, na urefu wa rekodi unarudi kuwa dakika 20.

Ni muhimu kutanabahisha mambo mawili. Kwanza, kazi hii hufanywa kwenye nakala, wala si kwenye faili la asili. Pili, si kila kichwa cha WAV kina baiti 44 kamili. Zipo programu zinazotia maelezo mengine kabla ya sauti. Katika faili la kawaida herufi nne za neno data huwa mahali nambari 36. Zisipokuwapo hapo, ni lazima zitafutwe kwanza, na hesabu ianzie hapo. Aidha, ikiwa mfumo wa kompyuta wenyewe unaonyesha kuwa faili lina baiti 0, basi dawa hii haifai, na tatizo limo katika kumbukumbu za diski.

Mitego inayowanasa wengi

Mtego wa kwanza unatokana na ushauri huo huo wa kutazama neno data. Mtu anakwenda mahali pa 36, anasoma herufi nne, na alama sasa imefika mahali pa 40, palepale anapotaka kuandika. Kwa nini basi asiandike moja kwa moja? Kanuni za lugha ya C zinakataza. Sababu ni kuwa C haisomi diski baiti moja moja. Huchota fungu kubwa na kuliweka katika akiba ya muda kwenye kumbukumbu, kama mchota maji anayejaza ndoo kisha akanywa kwa kikombe. Ndoo iliyojaa kwa kusoma haiwezi kugeuzwa ghafla kuwa ya kuandikia. Baina ya kusoma na kuandika ni lazima iitwe amri ya kupanga mahali, hata ikiwa ni fseek ya umbali wa 0 kutoka SEEK_CUR. Kanuni hulegezwa pale tu usomaji ulipofika mwisho wa faili. Kutoka kuandika kwenda kusoma vilevile huhitajika fseek, au amri ya fflush inayoimwaga akiba kwenye faili. Anayepuuza hayo huenda asione kosa lolote kwenye kompyuta yake, akaja kuliona kwenye kompyuta ya mwenzake.

Mtego wa pili ni jinsi faili linavyofunguliwa. Akiandika "w" badala ya "r+", faili hufutwa lote papo hapo, kabla ya fseek yoyote. Akiandika "a", ambayo ni ya kuongezea, kila anachoandika hukwenda mwishoni, hata kama ameihamisha alama hadi mwanzoni. Katika kisa chetu, herufi hiyo moja ya "w" ndiyo ambayo ingeipoteza kweli sauti ya bibi.

Mtego wa tatu ni wa maandishi. Katika mfumo wa Windows, mwisho wa kila mstari huandikwa kwa baiti mbili, lakini programu inayofungua faili kama maandishi huona moja. Hesabu ya herufi na hesabu ya mahali hutofautiana. Kwa hiyo kanuni husema kwamba katika faili la maandishi ni salama kwenda tu kwenye umbali wa 0, au mahali ambapo ftell ilipataja hapo awali na pa kuanzia ni mwanzo wa faili. Licha ya hayo, fseek huhesabu baiti, haihesabu herufi. Katika mpangilio wa UTF-8, neno ng'ombe likiandikwa kwa alama iliyonyooka lina baiti 7, na likiandikwa kwa alama iliyopinda lina baiti 9. Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, kama zilivyo barua na tenzi nyingi za zamani, huchukua baiti 2 kwa kila herufi. Anayeruka bila ya hesabu ataangukia katikati ya herufi.

Mtego wa nne ni kudhani kwamba fseek itagoma ukipita mwisho wa faili. Haigomi. Katika mifumo ya jamii ya Unix unaweza kuipeleka alama mbali kupita mwisho, na ukiandika huko, pengo lililobaki katikati husomeka kuwa ni sifuri tupu. Kurudi nyuma kabla ya mwanzo ndiko hukataliwa. Vilevile mikondo mingine haina mahali pa kurudi: maneno yanayotoka kwenye kibodi, au data inayopita kutoka programu moja hadi nyingine, yakishapita yamepita.

Nambari inapokuwa fupi

La mwisho ni suala la ukubwa. Katika matoleo ya mwanzo ya Unix, umbali ulikuwa ni nambari ya biti 16, isiyoweza kuhesabu zaidi ya baiti 65,535. Faili lililozidi hapo lilihitaji ujanja wa kuhesabu kwa mafungu ya baiti 512. Toleo la saba la Unix, mwaka 1979, lilileta amri ya lseek yenye nambari ndefu zaidi, na herufi l mbele ya jina lake ni ukumbusho wa urefu huo.

Lakini historia hujirudia. Fseek hutumia nambari ya aina ya long, na pale ambapo long ina biti 32, mwisho wake ni 2,147,483,647. Kwa sauti ya mikondo miwili, inayochukua baiti 176,400 kwa sekunde, hizo ni saa 3 na dakika 22 na ushei. Maulidi ya usiku kucha hayaenei humo. Kwenye Windows, long ingali na biti 32 hata katika kompyuta za biti 64, na waandishi wa programu hutumia _fseeki64. Katika mifumo ya jamii ya Unix hutumika fseeko na ftello. Wenye kuisanifisha lugha nao waliweka, tangu mwaka 1989, amri mbili za fgetpos na fsetpos: ya kwanza hukariri mahali ulipo, ya pili hukurudisha pale pale, bila ya kukulazimisha kujua nambari. Muundo wa WAV wenyewe pia una mpaka wake, kwani baiti 4 za kichwani haziwezi kutaja ukubwa unaozidi 4,294,967,295.

Kwa muhtasari basi, wasikilizaji wapenzi: fungua faili kwa njia isiyolifuta, hesabu kwa baiti, pitisha fseek kila unapobadili kusoma kuwa kuandika, na usiache kulitazama jibu la amri. Kanuni hizi hazitegemei kompyuta ya bei kubwa. Kompyuta kuukuu yenye kikusanyi cha C, na vikusanyi hivyo vinapatikana bure, yatosha kuirejesha rekodi ya aina hiyo kwa muda mfupi.

Na kwa wale wenye rekodi za wazee wao zilizolala ndani ya diski zikidai kuwa ni za sekunde sifuri, msizifute kwanza. Tazameni ukubwa wa faili. Ikiwa ni mamilioni ya baiti, yaelekea sauti imo.